Mtambo na Asili: Uhakiki wa Albamu ya "Moon Safari"

Neno "safari" ni letu. Mzizi wake wa mbali ni Kiarabu, lakini Kiswahili ndicho kilicholipika likaiva, na ni kwa Waswahili na wapagazi wao ndiko wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, Richard Burton akiwa mmoja wao, walikolichukua wakalitia katika vitabu vyao. Mwezi Januari 1998 neno hilo lilichapwa juu ya jalada la albamu moja ya muziki kutoka Ufaransa, "Moon Safari", yaani Safari ya Mwezini, kazi ya kikundi kiitwacho Air. Sehemu kubwa ya albamu hiyo imejengwa kwa vinanda vya umeme, na hasa vile viitwavyo sintesaiza, ambavyo sauti yake haitoki katika uzi, ngozi wala pumzi ya mtu, bali katika mkondo wa umeme.

Katika insha hii tunakusudia kuihakiki albamu hiyo, fani yake na maudhui yake. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya neno moja la jaladani tu. Tunafanya hivyo kwa kuwa kazi hii inalijibu kwa vitendo swali ambalo walimu na wanafunzi wetu wamekuwa wakiulizana kwa muda mrefu: je, taifa likiipokea mitambo mipya ya muziki, linaipoteza sauti yake? Wako wasemao kuwa ni lazima liipoteze. Wako pia wasemao kuwa muziki hauna kwao, na kwamba swali lenyewe limepitwa na wakati. Sisi tunaona kuwa pande zote mbili zimelitazama jambo kwa jicho moja.

Watunzi na zama zao

Air ni kikundi cha watu wawili, Nicolas Godin na Jean-Benoît Dunckel, wote wawili wenye asili ya Versailles, mji ulio karibu na Paris ambako Mfalme Louis wa 14 alijenga kasri lake katika karne ya 17. Godin alisomea usanifu wa majengo na Dunckel alisomea hisabati. Hayo si mambo ya kupita tu, kwa sababu albamu yao imepangwa kama jengo: kila sauti ina mahali pake, na baina ya sauti na sauti imeachwa nafasi ya kupita upepo. Jina la kikundi nalo lina tabaka. "Air" ni hewa. Ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kifaransa yenye maana ya mapenzi, ubunifu na ndoto. Na tena katika Kifaransa neno hilohilo humaanisha lahani ya wimbo. Ndugu msomaji aiweke akilini maana hiyo ya tatu, maana ndiyo tutakayoirudia.

Yafaa tukumbuke hali ya Ufaransa katika miaka ile. Nyimbo za Kiingereza zilikuwa zimezifurika redio za nchi hiyo, hata serikali ikaona haja ya kuingilia. Sheria ya mwaka 1994, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1996, ilizitaka redio zisizo za serikali kuhakikisha kuwa katika saa zenye wasikilizaji wengi asilimia 40 ya nyimbo ziwe ni za lugha ya Kifaransa. Sisi hatushangai kusikia habari hizo. Katika mwaka 1969 mji wa Dar es Salaam ulipiga marufuku muziki wa soul kutoka Marekani, kwa hofu ya namna hiyohiyo, ingawa njia iliyotumika ilikuwa nyingine. Wafaransa hawakuufukuza muziki wa mgeni. Waliutengea wa kwao kiti.

Wakati huohuo vijana wa Paris walikuwa wakitunga muziki wa kucheza kwa mitambo, na albamu ya Daft Punk iitwayo "Homework" ilikuwa imetoka mwaka 1997. Air walitumia mitambo pia, lakini walikwenda njia yao. Muziki wao ni wa mwendo wa pole. Hauwasukumi watu uwanjani, unawaketisha.

Mitambo na mikono

Hapa ndipo penye uhondo wa fani, na hapana budi tukae kidogo.

Ala ya kwanza ni kinanda kiitwacho Rhodes. Ndani yake hamna nyuzi. Mna vijiti vyembamba vya chuma ambavyo hugongwa na nyundo ndogo, na mtetemo wake hunaswa na sumaku kisha ukapelekwa katika kipaza sauti. Mwanafunzi aliyepata kuishika ilimba ya Wagogo ataitambua mara moja nasaba hiyo: ni vyuma vilevile, ila huku vinakwanyuliwa kwa dole gumba na kule vinagongwa. Ndiyo maana sauti ya Rhodes, ijapokuwa ni ya umeme, haitushtui. Ina ukengele ambao masikio yetu yanaujua.

Ala ya pili ni Minimoog, iliyotoka kiwandani Marekani mwaka 1970. Hii ni sintesaiza kamili: umeme hutetemeshwa, ukachujwa, ukapunguzwa ukali au kuongezwa kwa vifundo ambavyo mpigaji huvizungusha huku anapiga. Kwa desturi yake haitoi noti mbili kwa pamoja. Kama zumari, huimba neno moja kisha jingine, na kwa hiyo humlazimisha mpigaji awe na lahani ya kusema. Asiye na lahani hawezi kujificha nyuma ya wingi wa sauti.

Ala ya tatu ni Solina, kinanda cha miaka ya 1970 kilichotengenezwa Uholanzi ili kuigiza kundi la fidla. Uigaji wake si kamili, na ladha yake imo humohumo katika kutokamilika: si fidla, bali kama ukungu wa fidla.

Ala ya nne ni vokoda. Ilibuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Homer Dudley, katika maabara ya Bell, kwa ajili ya simu na wala si kwa ajili ya ngoma. Kazi yake ni kuipasua sauti ya msemaji katika mikanda myembamba, kuipima nguvu ya kila mkanda, kisha kuivisha nguvu hiyo sauti nyingine. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtambo uliojengwa juu ya maarifa hayo ulitumika kuyaficha mazungumzo ya simu ya wakuu wa vita baina ya Washington na London. Katika muziki kinywa hutoa neno na kinanda hutoa lahani, na kinachosikika ni kiumbe cha tatu ambacho si mume wala mke, si mtu wala chombo.

Sasa tuzingatie jambo moja. Ilipofika 1998 mitambo hii yote ilikuwa mikuukuu. Kompyuta za wakati huo ziliweza kutoa sauti mpya, kuzipanga na kuzirudia bila kukosea. Godin na Dunckel walichagua vyombo vya utoto wao, wakavipiga kwa mikono, gitaa la besi likiwa katikati. Kisha, walipotaka fidla za kweli, walikwenda studio ya Abbey Road mjini London, ambako nyuzi zilizopangwa na David Whitaker zilirekodiwa. Kwa hiyo katika albamu moja mna fidla za watu na ukungu wa fidla za umeme, bega kwa bega, na hakuna anayemwonea mwenzake haya. Huo ni ustadi wa kujua kila kitu kinafaa wapi. Mtambo haukuwekwa mahali pa mtu. Umewekwa mahali pake.

Nyimbo zenyewe

Albamu ina vipande kumi. Hatutavihesabu kimoja kimoja. Tutashika vile vinavyobeba hoja.

Cha kwanza, "La femme d'argent", kina urefu wa dakika saba hivi na hakina maneno. Besi inatangulia na mwendo wake wa kuzunguka, kinanda kinaijibu, kisha Minimoog inaingia taratibu kama mtu anayezungumza peke yake njiani. Jina lake Mwingereza hulifasiri kwa shida, maana lugha yake humlazimisha achague: ni mwanamke wa madini yale meupe au ni mwanamke wa pesa? Kiswahili hakina taabu hiyo. "Mwanamke wa fedha" hubeba maana zote mbili, sawasawa na Kifaransa. Hii ndiyo kazi bora kuliko zote katika albamu. Msikilizaji anatembezwa, hasukumwi. Na lahani haikomi kukua ingawa besi inarudia yaleyale.

"Sexy Boy" ndio wimbo uliowapa umaarufu. Beti zake ni za Kifaransa na kiitikio chake ni cha Kiingereza. Dhamira yake ni kuutafuta uzuri wa mwanamume wa kuota, mwanamume wa mabango na sinema, na waimbaji wanamtafuta kwa sauti zilizofanywa nyembamba hata hazijulikani ni za nani. Kuna kejeli humo, kwa sababu mwanamume anayesifiwa hayupo, na sauti inayomsifu nayo kama haipo. Katika "Kelly Watch the Stars" vokoda inarudia maneno machache, na huyo Kelly si jirani wa mtu. Ni mhusika wa mchezo wa televisheni wa Kimarekani wa miaka ya 1970. Lahani ni tamu, lakini maudhui ni membamba kama karatasi.

Kinyume chake ni "All I Need", ambamo Beth Hirsch, mwimbaji wa Kimarekani aliyekuwa akiishi Paris, anaimba kwa sauti yake mwenyewe isiyochujwa. Gitaa la kawaida linasikika, na mitambo inarudi nyuma ya pazia. Ni baada ya kuzisikia sauti za vokoda ndipo tunapoionja thamani ya koo la mtu. Mpangaji wa albamu aliyaweka hayo karibu kwa makusudi, na hekima hiyo wangeiga wengi wanaojaza kila pembe ya wimbo kwa kelele za kinanda.

Kuna pia "Talisman", yaani talasimu, ambamo nyuzi za Whitaker zinachora picha kama za sinema. Na "Ce matin-là", Asubuhi Ile, ambamo tuba, tarumbeta nene la shaba, linabeba lahani ya utulivu. Kipande cha mwisho kinaitwa "Le voyage de Pénélope". Wanaoujua utenzi wa Homer wa Wayunani wa kale watakumbuka kuwa Penelope hakusafiri. Aliyesafiri ni mumewe Odysseus, miaka ishirini, na mke alibaki nyumbani akifuma na kufumua. Air wamempa Penelope safari yake. Hakuna neno linaloimbwa. Jina peke yake limeipindua hadithi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya maudhui katika albamu nzima, na tunasikitika kwamba imeachwa katika jina.

Lugha iliyogawanyika

Ama kuhusu lugha, hapa hatuna budi kusema wazi. Majina ya nyimbo kumi yamegawanyika: mengine ni ya Kiingereza, mengine ya Kifaransa, na moja lina lugha zote mbili. Lakini kila mahali ambapo wimbo unataka kukumbukwa na soko, yaani katika kiitikio, Kiingereza ndicho kilichokaa. Kifaransa kimepewa beti. Kiingereza kimepewa mlango. Na soko lilijibu: Uingereza albamu ilipanda hadi nafasi ya 6.

Mtu aweza kutupinga akasema kwamba bila Kiingereza dunia isingewasikia. Twajibu kwamba kipande bora cha albamu hakina Kiingereza wala Kifaransa, na dunia ilikisikia. Alichokiita msikilizaji "Ufaransa" ni mwendo wa lahani, upole wa fidla, na ile besi iliyosogezwa mbele ya wimbo kana kwamba ndiyo mwimbaji. Mambo hayo yana wazee wake. Mwaka 1971 Serge Gainsbourg na mpangaji wake Jean-Claude Vannier walitoa "Histoire de Melody Nelson", ambamo besi na nyuzi zinazungumza kwa namna ileile. Mitambo yenyewe nayo ina wazee Ufaransa. Maurice Martenot alionyesha kinanda chake cha umeme mwaka 1928. Georges Jenny alibuni Ondioline miaka ya 1940, na aliyeipeleka duniani ni Jean-Jacques Perrey, aliyezaliwa 1929. Huyo Perrey, akiwa mzee, jina lake limo miongoni mwa watunzi wa "Remember" katika albamu hii. Vijana wa Versailles hawakuokota mtambo njiani. Walimwendea babu wa fani wakaketi naye.

Ushahidi mwingine ulitolewa na taifa lenyewe. Tarehe 11 Agosti 2024, Paris ilipofunga Michezo ya Olimpiki, Air walikuwa miongoni mwa wanamuziki waliosimamishwa mbele ya dunia. Nchi iliyotunga sheria ya kukilinda Kifaransa redioni iliwahesabu kuwa watoto wake, na wimbo wao uliopigwa usiku ule uliimbwa kwa Kiingereza. Basi Wafaransa walikubali kwamba ladha yao imo katika lahani hata ulimi ukiwa wa kukopa. Lakini gharama ipo, na inaonekana katika wembamba wa maneno. Mtunzi asiyetunga kwa lugha ya ndoto zake hutunga kwa maneno machache na ya juu juu. Penelope alistahili beti, naye hakupata hata mstari.

Hata neno letu la jaladani limepatwa na wembamba huo. Kwa Mswahili safari ni kila mwendo: wa kwenda sokoni, wa kwenda Maka, wa kwenda kaburini. Ina mizigo, ina kiu, ina kusubiri. Lilipopita kwa wawindaji wa Kizungu, kama Theodore Roosevelt aliyekuja Afrika ya Mashariki mwaka 1909 na msafara mkubwa wa wapagazi, kisha likapita kwa watalii, mzigo ulitupwa njiani pamoja na mpagazi. Likafika Paris likiwa na maana ya matembezi ya starehe tu. Hatuwalaumu Godin na Dunckel. Wao walilikuta hivyo. Lakini ni kweli kwamba katika safari yao ya mwezini hakuna anayechoka.

Asili imelala wapi?

Tumefika kwenye kiini. Kila taifa lina mahali ambapo asili ya muziki wake imelala, na mahali hapo si pamoja kwa mataifa yote. Wafaransa hawa waliweza kuazima ulimi kwa kuwa katika muziki wa namna hii urithi wao mkubwa uko katika lahani na mpango wa ala. Je, sisi wetu uko wapi?

Historia ya taarabu inatujibu. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na ala zake nyingi hazikuchongwa Unguja: udi, kanuni na fidla zilivuka bahari, na mahadhi mengi yalitoka Misri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mtambo ulioinasa sauti yake ulikuwa wa mgeni. Hata hivyo hakuna aliyesikia santuri hizo akauliza ni za nani. Kilichozifanya ziwe zetu ni Kiswahili na ushairi wake: vina, mizani, fumbo, na kijembe kilichofungwa katika mstari. Kwetu asili ya muziki wa namna hiyo imelala katika neno. Kwa hiyo kijana wa kwetu anayewaiga Wafaransa kwa kuazima mtambo hafanyi kosa lolote. Lakini akiwaiga kwa kuazima ulimi pia, hatabaki na akiba waliyobaki nayo wao. Mwacha asili ni mtumwa, na kabla hujaacha ni vema ujue unaacha nini.

Tena mtambo wenyewe hauwezi kutuzuia. Sisi tulio watunzi wa mashairi tunaiona vokoda kwa jicho jingine. Hiyo hubeba irabu vizuri kuliko konsonanti; sauti za "s" na "f" hufifia ndani yake, na lugha zenye konsonanti nyingi zilizosongamana hutoka kama kigugumizi. Kiswahili kwa kawaida hufunga silabi zake kwa irabu, na kina cha shairi huangukia hapohapo kwenye irabu. Mtunzi wetu atakayeipitisha tarbia katika chombo hicho atakuta vina vyake vinawaka kama taa. Kama chombo kilichozaliwa katika simu kinaweza kuimba Versailles, hakishindwi kuimba Lamu wala Unguja.

Tunawapendekezea walimu jaribio moja la darasani. Chukueni "La femme d'argent" na wimbo wowote wa taarabu ambao wanafunzi wanaupenda. Kwanza waulizeni: tukiiondoa mitambo, kinabaki nini? Kisha: tukiyaondoa maneno, kinabaki nini? Watakuta kwamba wimbo wa Kifaransa unasimama bila neno hata moja, na wa taarabu unasimama hata ukisomwa kama shairi, bila ala. Wakishayaona hayo kwa masikio yao, wapeni kinanda cha umeme, kama shule inacho, na waambieni watunge.